Kodi ya Majengo, Pango la Ardhi na Tozo za Mtaa: Nani Anadaiwa, Nani Anatoa Hela, Nani Anapokea

Fungua ujumbe wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, uliotumiwa siku uliponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi huu. Pamoja na zile tarakimu 20 za tokeni na idadi ya uniti, utakuta makato: Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini), asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na kato jingine la shilingi 1,500 au 7,500. Yale matatu ya mwanzo yanafuata umeme wenyewe, yaani ukinunua kidogo unakatwa kidogo na ukinunua mwingi unakatwa zaidi. Hilo la mwisho halijali umenunua uniti ngapi. Hukatwa lilivyo, na usiponunua umeme mwezi mzima linakusubiri mwezi unaofuata. Hiyo ni kodi ya majengo, kodi ya serikali juu ya nyumba, ambayo tangu Agosti 2021 hupita kwenye mita kwa sababu mita ndiyo njia rahisi ya kuwafikia wengi.

Kila kodi au tozo inayohusu nyumba na kiwanja ina watu watatu ndani yake: anayedaiwa na sheria, anayetoa hela mfukoni, na anayepokea. Zamani, mwenye nyumba alipokwenda mwenyewe dirishani kwenye ofisi ya manispaa na kurudi na stakabadhi, watu hao walionekana waziwazi. Leo anayedaiwa anaweza kuwa Moshi, anayetoa hela ni mpangaji aliyeko Tabata, kato linapitia shirika la umeme, TANESCO, mkusanyaji ni Mamlaka ya Mapato (TRA) na fedha zinaingia Hazina. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba karibu kila hasara anayoipata mwananchi wa kawaida katika eneo hili, na karibu kila ugomvi kati ya mpangaji na mwenye nyumba, hutokana na kuwachanganya hao watatu. Ukiweza kuwatenganisha utajua cha kulipa, cha kudai, cha kukataa na pa kupeleka malalamiko. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na majengo.

Inasaidia kujua tulivyofika hapa. Kodi ya majengo ilisimama juu ya sheria ya mwaka 1983 ya mamlaka za miji, ambayo leo ni Sura ya 289. Ilikuwa ya halmashauri, na ilikokotolewa kwa thamani ya jengo bila kuhesabu ardhi, kwa kuwa ardhi Tanzania ni mali ya umma. Mwaka 2008 kazi ya kukusanya katika manispaa za Dar es Salaam ilipewa TRA. Mwaka 2014 ikarudi manispaa, na mwaka 2016 ikapelekwa tena TRA, safari hii kwa upana zaidi. Mwaka 2018 hesabu ya thamani iliachwa kwa sehemu kubwa, kikawekwa kiwango kimoja: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa mijini. Mwaka 2021 LUKU ikaingia, kwa shilingi 1,000 na 5,000 kwa mwezi. Tangu 2023 viwango ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sawa na 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa au apatimenti, sawa na 90,000 kwa mwaka. Kati ya 2008 na 2021, basi, mkusanyaji alibadilishwa mara tatu na njia ya kukusanya ikabadilishwa kabisa. Haishangazi kwamba wengi hawajui tena kodi hii ni ya nani.

Katika mabadiliko yote hayo, mdaiwa hakubadilika. Sheria inamdai mwenye jengo. Mpangaji anapokatwa kwenye LUKU anakuwa amemlipia mwenye nyumba deni lake. Kwa mwaka ni 18,000 katika nyumba ya kawaida, na kwa mtu anayepanga chumba cha 50,000 kwa mwezi hiyo ni zaidi ya theluthi ya kodi ya mwezi mmoja. Kwa aliyepanga apatimenti ni 90,000. Kwa hiyo, mpangaji, usifute ujumbe wa LUKU. Piga picha ya skrini ya kila ununuzi wenye kato hilo, na mnapokaribia kuhuisha mkataba jumlisha, kisha nenda kwa adabu na kwa hesabu kamili: “Shikamoo mama. Mwaka huu LUKU imekata 18,000 ya kodi ya jengo lako, picha zote hizi hapa. Naomba tuitoe kwenye kodi ya miezi sita inayokuja.” Bora zaidi ni kuliandika tangu mwanzo. Sentensi moja ndani ya mkataba inatosha: kodi ya majengo inayokatwa kupitia mita namba fulani ni ya mwenye nyumba, na itapunguzwa kwenye malipo ya pango yanayofuata.

Wapo watakaosema hilo halina maana, kwa kuwa mwenye nyumba akidaiwa 18,000 atapandisha kodi ya chumba kwa kiasi hichohicho. Huenda akapandisha. Lakini kodi inayopandishwa hutajwa kwa mdomo na kuandikwa kwenye mkataba. Unaweza kuijadili, kuilinganisha na nyumba ya jirani, au kuikataa na kuhama. Makato yanayoingia kimyakimya kila mwezi huwezi kuyajadili na mtu yeyote. Tena soko la nyumba haliruhusu kila mwenye nyumba apandishe atakavyo. Mwenye chumba kilichokaa wazi miezi miwili anajua amepoteza kiasi gani. Wengine watasema, nao wana haki, kwamba mpangaji mnyonge hawezi kumwambia mwenye nyumba maneno hayo akabaki salama. Ni kweli kwamba nguvu hazilingani. Ndiyo maana jambo hili linafaa kusemwa wakati wa kuandikiana mkataba, kabla hela ya miezi sita haijatoka mkononi, maana wakati huo mpangaji ndiye anayebembelezwa.

Mita nayo ina matatizo yake, kwa sababu mita si nyumba. Chukua nyumba moja ya chini yenye familia nne, kila moja na mita yake. Kodi ni ya jengo, na jengo hilo linadaiwa 18,000 kwa mwaka. Ikiwa mita zote nne zinakatwa, jengo hilo linalipa 72,000. Tofauti ya 54,000 haimo kwenye sheria. Imezaliwa na mfumo unaohesabu mita badala ya kuhesabu majengo. Dawa yake ni mwenye nyumba kwenda ofisi ya TRA ya eneo lake akiwa na namba za mita zote nne na uthibitisho wa umiliki, aombe kodi ibaki kwenye mita moja na nyingine ziondolewe. Wapangaji hawawezi kulikamilisha hilo bila yeye, lakini wanaweza kumkusanyia namba za mita na picha za makato, wamrahisishie safari. Hali kama hiyo inaweza kukupata pia ukiwa na mita kwenye kisima, kwenye banda la kuku au kwenye kiwanja kinachojengwa. Mita ya pampu ya maji si jengo la kuishi, na ikikatwa una haki ya kuhoji.

Kinyume chake ni nyumba yenye vyumba sita na mita moja. Hapo kato huja mara moja tu, kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, na anayetangulia kununua ndiye anayelibeba. Matokeo yake yanajulikana katika nyumba nyingi za kupanga mijini. Tarehe moja ikifika kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, umeme unaisha usiku, na asubuhi ni maneno. Njia ya haki ni kuuchukulia ununuzi wa kwanza wa mwezi kuwa wa nyumba nzima, mchange sawa, halafu mwisho wa mwaka jumla yote idaiwe kwa mwenye nyumba kwa pamoja. Na kabla hujahamia nyumba iliyokaa wazi, kumbuka kwamba makato ya miezi iliyopita hujumlishwa. Nyumba ya kawaida iliyofungwa miezi mitano inamsubiri mgeni na deni la 7,500. Mwombe mwenye nyumba anunue umeme wa kwanza mwenyewe mbele yako, hata kama ni kidogo. Kato likijitokeza, atakuwa amelilipa mwenye deni.

Misamaha ndiyo sehemu ambayo watu wengi wenye haki hawaidai. Sheria imewatoa kwenye kodi hii wamiliki waliotimiza miaka 60 au zaidi, kwa nyumba moja wanayoishi wenyewe, na pia watu wenye ulemavu wasio na kipato. Nyumba za tope, za nyasi na zinazofanana nazo zinazotumika kwa makazi hazitozwi. Nyumba za ibada zisizotumika kibiashara nazo hazimo. Tatizo ni kwamba mita haijui umri wa mtu wala haioni ukuta umejengwa kwa nini. Bibi wa miaka 74 anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe ataendelea kukatwa mpaka mtu aende kumwombea msamaha. Kwa kawaida utahitaji kitambulisho kinachoonyesha umri, uthibitisho wa umiliki wa nyumba, namba ya mita, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hii ni kazi ya watoto na wajukuu. Mzee asilazimishwe kupanda daladala mbili kwenda kupanga foleni kwa jambo ambalo kijana anaweza kumwandalia, na afisa mtendaji wa mtaa anawajua wazee wake wote. Angalia pia masharti. Msamaha ni wa nyumba moja, na ni ya kuishi. Mzee mwenye nyumba tatu, mbili zikiwa za kupangisha, anadaiwa kwa hizo mbili kama mtu mwingine yeyote, na ndivyo inavyostahili.

Sasa swali gumu la haki. Kiwango kimoja kinamaanisha kwamba nyumba ya chini yenye vyumba viwili Mbagala inalipa 18,000, na nyumba ya chini yenye bustani, bwawa la kuogelea na kiwanja cha ekari nzima Masaki inalipa 18,000 hiyohiyo. Jengo la ghorofa tatu lililojengwa kwa kuunga unga miaka ishirini linalipa 270,000, mara kumi na tano ya kasri lisilo na ghorofa. Hapo wengi husema turudi kwenye thamani, kila mtu alipe kwa kadiri ya mali yake. Kimsingi ni sawa. Ila thamani inahitaji mtu wa kuithaminisha, tena mara kwa mara, na hapo ndipo mfumo wa thamani uliposhindwa. Nairobi ni mfano wa karibu. Daftari la thamani za viwanja lililoandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 liliendelea kutumika kwa takriban miaka 40. Kwa kuwa thamani zilikuwa za kale, jiji lilipandisha asilimia badala ya kuthaminisha upya, mpaka ikafika 34 ya ile thamani ya zamani. Mitaa iliyopanda bei mno ikawa inalipa kidogo kuliko inavyostahili, na mingine ikabeba mzigo usio wake. Kenya imelazimika kutunga sheria mpya ya kitaifa mwaka 2024 kuchukua nafasi ya zile za kabla na mara tu baada ya uhuru. Kwa hiyo thamani bila wathamini wa kutosha nayo huleta dhuluma.

Ipo njia ya katikati, na imeshajaribiwa Afrika. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mwaka 2020 chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ilianza kuyapa majengo alama kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: ukubwa, mtaa, aina ya paa na kuta, barabara inayofika mlangoni. Picha za setilaiti zilitumika kuhesabu majengo, na idadi ya yaliyoandikishwa ikapanda kutoka takriban 57,000 hadi zaidi ya 120,000. Hakukuwa na haja ya mthamini kuingia kila chumba, na mwenye nyumba aliweza kuona mwenyewe ni kwa nini alama zake ziko juu au chini. Kwa maoni yangu, Tanzania ingeweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo, yaani kugawa maeneo kwa madaraja, ili Masaki na Mbagala zisiwe na bei moja. Ukikubaliana na hilo, usimpelekee diwani, maana hana mamlaka juu ya kiwango hiki. Viwango hupangwa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha ya kila Juni, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kabla muswada haujapitishwa. Mbunge wako ndiye wa kuambiwa, na wakati wake ni kabla ya Juni.

Tuje kwenye ardhi. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine kabisa, ingawa watu huitaja kwa pumzi moja na kodi ya majengo. Kodi ya majengo hudaiwa kwa ajili ya jengo, na pango la ardhi hudaiwa kwa ajili ya kipande cha ardhi ulichomilikishwa, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Tofauti hii inaonekana vizuri kwenye mifano miwili. Mwenye kiwanja kilichopimwa chenye hati, kikiwa bado ni pori tupu, anadaiwa pango kila mwaka na hadaiwi kodi ya majengo hata senti. Mwenye nyumba nzuri kwenye eneo lisilopimwa, asiye na hati wala leseni ya makazi, anakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU na hadaiwi pango. Mwenye nyumba kwenye kiwanja chenye hati anadaiwa zote mbili, kwa viwango tofauti na kwa wapokeaji tofauti. Pango hutegemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Hulipwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa kumbukumbu namba ya malipo ambayo wengi tunaiita kontrol namba, na huenda serikalini kupitia wizara inayoshughulikia ardhi. Kenya wana mgawanyo unaofanana, kwa kuwa Katiba ya 2010 imezipa kaunti tozo za mali, ilhali kodi ya pango ya ardhi ya umma hukusanywa na Serikali ya Kitaifa.

Kwa nini nasisitiza tofauti hii? Kwa sababu adhabu hazifanani. Kodi ya majengo itakusumbua kwenye mita, ila pango la ardhi lisipolipwa linaweza kukupokonya kiwanja. Sheria inatoa utaratibu: ilani, riba, madai kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwishowe kufutiwa miliki. Na hapo ndipo kosa la kawaida hutokea. Mtu anaona LUKU inamkata “kodi ya nyumba” kila mwezi, anatulia akidhani amemaliza, na miaka sita ya pango inajikusanya na riba juu yake. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha wa riba kwa wadaiwa wa pango la ardhi ambao wangelipa deni la msingi. Nafasi kama hiyo ikitokea tena itumie upesi, lakini usipange maisha kwa kuisubiri. Omba kontrol namba yako kila Julai, lipa, hifadhi risiti. Kwa walio nje ya nchi wenye viwanja nyumbani, iwe Muscat, Minnesota au London, hili ndilo deni la kulitazama kwanza, kwa kuwa hakuna mpangaji wala mita ya kuwakumbusha.

Baada ya nyumba na ardhi zinafuata tozo za huduma, na hapa mambo hubadilika mtaa kwa mtaa. Ada ya taka ndiyo inayojulikana zaidi. Inatozwa kwa sheria ndogo ya halmashauri, kiwango chake hutofautiana kati ya makazi na biashara, na mara nyingi anayekuja mlangoni ni mkandarasi au kikundi kilichopewa kazi na halmashauri. Tofauti na kodi ya majengo, ada hii inamfuata anayepata huduma, hivyo mpangaji anayezalisha taka ndiye anayeilipa isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ushuru wa huduma ni jina linalochanganya wengi. Huo ni wa wafanyabiashara, hukokotolewa kwa mauzo yao, na nyumba ya kuishi haihusiki nao. Wakazi wa apatimenti zilizosajiliwa chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 wana mchango wao wa lifti, ulinzi na usafi, unaopangwa na chama cha wamiliki. Mchango huo si kodi ya serikali, bali ni makubaliano yenye nguvu ya kisheria kati ya wenye nyumba.

Halafu kuna michango: ulinzi shirikishi, kifusi cha barabara, madawati, mtaro unaofurika kila masika. Mchango uliojadiliwa na kukubaliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa ni jambo jema, na mitaa mingi isingepitika bila huo. Ila usikubali mchango uvae nguo za kodi. Anayekudai kodi au ada ya halmashauri lazima aweze kukuonyesha sheria ndogo iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na lazima akupe risiti ya mashine yenye jina la halmashauri. Karatasi iliyogongwa muhuri tu haitoshi. Anayekudai mchango aonyeshe muhtasari wa mkutano uliopitisha kiasi hicho, na siku ya kusoma mapato na matumizi asome kwa kutaja shilingi zilizopatikana na zilizotumika. Kuuliza hivyo si ukorofi. Mwenyekiti wa mtaa aliye mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa sababu maswali hayo ndiyo yanayomkinga na tuhuma.

Unaponunua nyumba au kiwanja, tafuta madeni kabla ya kutafuta bei. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue mwenye jina, rehani na zuio. Omba risiti za pango la ardhi za miaka iliyopita, na hakiki deni kwa kontrol namba ya kiwanja chenyewe, usitegemee maneno ya dalali. Nunua umeme kidogo kwenye mita zote uone kama kuna malimbikizo. Uliza ofisi ya mtaa kama kuna ada za taka zilizokwama. Chochote kitakachoonekana kiondolewe kwenye bei au kilipwe na muuzaji kabla ya sahihi, kwa kuwa mnunuzi ndiye atakayeoneshwa deni la kiwanja siku atakapotaka kuhamisha hati. Na wala usidanganyike kwamba risiti za kodi ya majengo ni ushahidi wa umiliki. Mfumo unakata mita bila kuuliza nyumba ni ya nani. Mvamizi anaweza kulipa miaka kumi akabaki mvamizi.

Wengine hutaka LUKU iondolewe kabisa kwenye kodi ya majengo. Hasira yao naielewa, na kila tatizo la mita nililolieleza hapo juu ni la kweli. Lakini tukumbuke kilichokuwepo. Mwaka 2017 watu walipanga misururu mirefu kwenye ofisi za TRA kulipa kodi hii kabla muda haujaisha, wengine tangu alfajiri, na muda ukalazimika kuongezwa. Kukatwa 1,500 kwa mwezi ukiwa nyumbani ni nafuu kuliko kupoteza siku nzima ya kazi. Ubaya ni kwamba urahisi umemwondoa mdaiwa machoni na kumficha mpokeaji. Hilo linaweza kurekebishwa bila kubomoa mfumo: mita ziunganishwe na majengo halisi, wazee wasamehewe kwa kumbukumbu za vitambulisho vya taifa (NIDA) pasipo kuandika barua, na mwenye nyumba atumiwe taarifa ya kile ambacho wapangaji wake wamemlipia.

Amebaki mpokeaji. Kodi ya majengo ilizaliwa ikiwa ya halmashauri, na sababu yake ilikuwa wazi: anayelipia jengo aone mtaro, taa ya barabarani na gari la taka mbele ya jengo hilo. Fedha zikipitia Hazina, uzi huo unakuwa mrefu, na mwananchi ndiye anayepaswa kuufuata. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa huwekwa hadharani kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, na inaitaja halmashauri yako kwa jina. Bajeti ya halmashauri nayo hupitishwa na baraza la madiwani, na vikao vya baraza viko wazi kwa umma. Swali la kupeleka ni moja, liandike kwenye karatasi umkabidhi diwani wako kabla ya kikao kijacho: mwaka huu kata yetu imepata shilingi ngapi zilizotokana na kodi ya majengo, na zimefanya nini? Usipojibiwa kikao hiki, lipeleke tena kikao kijacho, na safari hiyo nendeni wengi.